Mlangoni kwa Bibi wa Magunia

Simu ya msiba ilinikuta dukani kwangu Kibondo, mkasi mkononi, nikimkatia mteja kitenge. Aliyepiga alisema Mwalimu Lameki amefariki alfajiri, maziko ni kesho saa nane Kasulu, na familia imeomba niambiwe. Nikamshukuru, nikaweka simu chini, nikamalizia kukata kile kitenge, na nikakikata upogo. Mteja akanitazama. Nikamwambia achague kingine, hicho kimeshakuwa changu, na mpaka leo nakivaa nyumbani na upande wake mmoja mrefu kuliko mwingine. Mimi mkono wangu hauchezi kwenye kitambaa, waulize Kibondo nzima.

Nataka kuandika habari za mwaka mmoja tu, 2014, mwaka niliofanya kazi kwa Mwalimu Lameki. Ya ukoo wangu, nani alinizaa na wapi, nitayaacha. Kila anayeandika maisha yake huanzia huko na wasomaji husinzia. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha sita kwa alama nisizozitaja mbele za watu, nakaa kwa shangazi yangu mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini, na nilikuwa najua kila kitu. Hilo la mwisho silisemi kwa utani. Nilikuwa naamini kabisa kwamba watu wengine wamechelewa tu kufika mahali ambapo mimi nimeshafika.

Mwalimu Lameki alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, suruali yake ikiishia juu ya kifundo cha mguu. Wastaafu wenzake walirudi kulima, wengine tangawizi huko Munanila, wengine mihogo. Yeye alipanga ghala kuukuu la kahawa kwenye barabara ya kwenda sokoni akaligeuza makumbusho. Alinieleza sababu siku aliyoniajiri. Alipokuwa na miaka hamsini alipelekwa semina Dar es Salaam, na siku ya mapumziko wakatembezwa kwenye makumbusho makubwa. Akaona ngoma ya kwao ukutani, akaigusa kwa kidole kimoja tu, na mlinzi akampiga kibao cha mkono. "Mtu mzima na ndevu zangu, binti," alisema, "nikachapwa mbele ya walimu wenzangu kama nimeiba sukari." Akaapa kwamba akija kuwa na makumbusho yake, hakuna kitu kitakachowekwa humo ambacho mtoto hawezi kukishika. Kazi yangu ingekuwa kukaa humo kutwa na kuandika kwenye daftari wanachofanya watoto. Mimi nikaelewa kwamba anataka orodha ya makosa yao.

Ghala lile bado linanukia kahawa puani mwangu nikilifikiria, kahawa na vumbi na mafuta ya taa tuliyozipaka mbao zisiliwe na mchwa. Upande wa kushoto kulikuwa na mzinga wa nyuki uliotoka Kibondo, gogo lililochongwa tupu ndani, uliolazwa juu ya vigingi viwili ili mtoto aingize mkono na kupapasa masega makavu. Katikati kulikuwa na meza ya ramani ya nchi yetu ya juu, milima ya udongo, mito ya rangi ya buluu, na kila mji una kitaa na kitufe chake. Ukibonyeza Kibondo, Kibondo inawaka. Upande wa kulia, jiwe la kusagia ulezi. Na mwisho kabisa, ikijaza nusu ya ghala, nyumba nzima ya Kiha, ya mviringo, nyasi mpaka chini, ambayo ndani yake alikaa Bibi. Kichwa chake kilikuwa cha udongo wa kuchoma, kilifinyangwa na mama mmoja mfinyanzi wa Rungwe Mpya, jicho moja kubwa kidogo kuliko lingine. Mwili wake ulikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba. Alivaa kitenge nilichokichagua mimi, na shanga za kweli. Watoto hawakumaliza hata siku moja kabla ya kumpa jina la Bibi wa Magunia.

Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilichotumika kama Mwalimu alivyokusudia. Mzinga ulikuwa simu kuanzia asubuhi ya kwanza. Mtoto mmoja huku, mwingine kule, na gogo lile lilipitisha sauti vizuri mno. Waliwapigia baba zao waliokwenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku. "Haloo baba, mvua imenyesha, mbuzi amezaa." Na aliye upande wa pili alikuwa na wajibu wa kuwa baba, akajibu kwa sauti nene kwamba amesikia na atarudi. Kwenye meza ya ramani kila mtoto alijichukulia mji, na taa yako ikiwashwa ulipaswa kutoka mbio, uzunguke ghala lote, urudi kabla haijazimwa. Ifikapo saa sita betri ya sola ilikuwa hoi. Kwenye jiwe la ulezi wasichana walisaga chaki wakajipaka poda. Yote nikayaandika, na majina ya wakosaji. Jioni Mwalimu alivaa miwani akasoma daftari langu akicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaona mzee wa watu anazeeka vibaya.

Nyumba ya Kiha ndiyo iliyonishinda. Sisi huku, mtoto aliyelelewa haingii kwa mzee hivihivi. Anapiga magoti mlangoni, anapiga makofi taratibu, anasalimia, na anangoja. Mzee naye haitikii mara moja yakaisha. Anauliza umeamkaje, mama yako ameamkaje, ng'ombe, watoto, mvua ya kwenu, ndipo akuambie upite. Basi darasa la kwanza kabisa lililoletwa lilipiga magoti mlangoni kwa Bibi, likasalimia kwa Kiha, "Mwidiwe," makofi, kimya. "Mwidiwe," makofi, kimya. Foleni ikarudi nyuma mpaka kwenye mzinga. Nikawaambia wapite tu, yule ni sanamu. Kijana mmoja mwenye pengo, hajatoka hata magotini, akaniambia kwa upole kama mtu anayemfundisha mgeni, "Tunajua ni sanamu, dada. Lakini ni mzee." Hakuna aliyeingia siku ile. Waliondoka wakimwangalia Bibi kwa kumsikitikia, kwamba labda masikio yamekufa.

Ilikuwa hivyo kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja mchana nilikuwa kwenye chumba cha nyuma na Mwalimu tunakula, ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, maana yeye hakukubali nile peke yangu, alisema mtu anayekula peke yake anatafuna kwa hasira. Tukasikia makofi ya watoto huko mbele na salamu yao. Halafu tukasikia sauti ya kikongwe ikiitikia. Mwalimu akabaki na tonge hewani. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, isiyo na haraka, na Kiha chake kilikuwa na mvuto wa ng'ambo ya mpaka, wa Burundi, jinsi wasemavyo wazee wa vijiji vya huko pembeni. Iliuliza mama zao wameamkaje. Iliuliza kama ng'ombe wamekunywa. Iliuliza yule mdogo wa mwisho mbona miguu yake imepasuka, hakuna mafuta kwao? Na watoto wakajibu mmoja mmoja, wakaruhusiwa, wakaingia wameinama. Nikanyata nikachungulia kwenye tundu la nyuma tulilopitishia waya wa taa, kubwa la kupita mtu akijikunja. Nyuma ya magunia alikuwa amekaa msichana wa miaka tisa hivi, sweta la shule limetoboka kiwiko, magoti yamegusa kidevu, macho ameyafumba.

Sikumtoa. Mwalimu alinishika mkono akatikisa kichwa, na tukarudi kwenye dagaa wetu. Kuanzia hapo kila alasiri shule ikitoka, yule msichana aliingia nyuma ya Bibi, na foleni ikajipanga. Watoto walimweleza Bibi mambo ambayo hawakumweleza mtu mwingine, nami nilisikia yote, nimekaa kwenye kigoda changu na daftari. "Bibi, nimevunja chungu cha mama." "Umemwambia?" "Bado." "Mwambie akiwa anakula." Mwingine alisema baba yake anataka aache shule akachunge. Bibi akasema, "Mlete huyo baba yako hapa nimsalimie." Mwalimu aliposoma hiyo kwenye daftari aliiandika tena kwenye karatasi yake mwenyewe akaiweka mfukoni. Siku moja aliniambia, "Zuhura, mbona wewe hujawahi kupanga foleni kwa Bibi?" Nikamjibu kwamba mimi nina kazi. Akasema sawa, akachukua dagaa mwingine.

Sasa nije kwenye kosa langu, na nitalisema wima. Foleni ile ilinikera. Mzinga ulibaki mpweke, ramani imezima, watoto wote wako mlangoni kwa sanamu, na wageni watu wazima wakija wanasimama wakilalamika kwamba hawawezi kuona nyumba. Mwalimu aliposafiri wiki mbili kwenda Kibondo kutafuta mizinga mingine, nikaamua kumfanyia la kumshangaza. Nilimtafuta fundi redio wa pale sokoni. Akatengeneza kisanduku chenye spika na kitufe, tukarekodi sauti ya jirani yangu mmoja mtu mzima akiitikia salamu vizuri kabisa na kukaribisha. Nikakibandika mlangoni. Ukibonyeza, Bibi anajibu, unapita, mwingine anakuja, fasta. Alasiri ile yule msichana alipoingia kama kawaida nyuma ya magunia, nilimshika mkono nikamtoa. "Sanamu si la kujifichia," nikamwambia. "Nenda kacheze na wenzako." Alinitazama tu, akaondoka, nami nikaona ni mtoto asiye na adabu. Nikaandika kwenye daftari: Mtoto mmoja alijificha nyuma ya Bibi. Ametolewa.

Siku mbili za kwanza nilijiona fundi kweli. Foleni ilikwisha. Siku ya tatu watoto wakagundua kwamba ukibonyeza harakaharaka Bibi anakatiza maneno, karibu-karibu-kari-kari, wakaanza kuucheza huo mdundo. Siku ya nne hakuna aliyepiga magoti. Wiki ilipokwisha hakuna aliyekwenda tena kwa Bibi, na mtoto wa sweta lililotoboka alikuwa anakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa ghala, akingoja wenzake watoke. Mwalimu aliporudi nilimpeleka mlangoni nikiwa nimevimba kwa sifa. Akapiga magoti na miguu yake mirefu ile, akabonyeza, akasikiliza. Akabonyeza tena. "Amejibu vilevile," alisema. Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu. Na huyu hachoki." Akasimama polepole akipangusa magoti. "Na yule aliyekuwa anachoka yuko wapi?"

Jibu lililetwa na mama wa yule msichana, kesho yake, akiwa na beseni la mihogo mikavu aliyokuwa anaipeleka sokoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa familia zilizotoka Burundi zamani, na Kiswahili chake alikisema kwa uangalifu kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Alikataa kukaa. "Dada, mimi ni Mama Dafroza. Watoto wa jirani wananiigia bibi wa hapa, na anasema kama mama mkwe wangu. Mama mkwe wangu tulimzika mwaka jana kule Kibondo." Kisha akanieleza. Dafroza alilelewa na bibi yake huyo, akaletwa Kasulu baada ya msiba, akaingia darasa la pili. Wiki ya kwanza alisimamishwa kusoma kwa sauti, matamshi yake ya Kirundi yakatoka, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo shuleni. "Nyumbani anasema mpaka tunachoka. Shuleni ni jiwe. Mwalimu wake, Madamu Anitha, amevumilia sana, simlaumu. Sasa amesema siku ya kufunga shule, Ijumaa ya wiki ijayo, darasa lote linakuja hapa. Mpaka siku hiyo asiposikia kwa Dafroza sentensi moja, mtoto anarudishwa darasa la kwanza, na mimi naandikiwa barua ya kumpeleka shule ya wasiosikia, mikoa ya mbali huko. Dada, mtoto wangu anasikia. Anasikia hata panya darini." Akaweka beseni vizuri kichwani. "Nimekuja kuomba umwache aendelee kukaa hapa kwa huyo bibi. Pengine atazoea."

Hakuwa na habari kwamba nilishamtoa, Dafroza hakumwambia. Ningeweza kunyamaza pia, na sitajisifu, nilifikiria kunyamaza. Lakini nilimwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaenda zake sokoni. Hilo "haya" ningependa zaidi lingekuwa kofi. Nilichomoa kile kisanduku na waya wake siku hiyohiyo, na jioni nikaenda kwao, chumba na sebule nyuma ya mashine ya kusaga. Dafroza alikuwa sakafuni anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa chini pamoja naye, nikamwomba radhi, mara ya kwanza katika maisha yangu kumwomba radhi mtoto, na niliomba vibaya, na maelezo mengi mno. Hakuinua uso. Kwa kuwa mikono haikuwa na kazi nikaanza kuchambua maharage na mimi. Kila nililoweka upande wa mabovu alilichukua akalirudisha kwenye mazima, na kila nililopitisha kwa uzima alilitoa. Hakukosea hata moja. "Utakuja kwa Bibi kesho?" nikamuuliza. Akaendelea kusahihisha maharage yangu.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Nilijaribu kila njia niliyoijua. Nilimpelekea maandazi, akala. Nilimwambia mama yake amlete kwa mkono, akaletwa, akakaa nje. Mwalimu hakunisaidia, kila nilipomuuliza tufanyeje alisema, "Wewe uliyemtoa ndiye unayejua mlango wake." Usiku wa kuamkia Ijumaa sikuonja chakula cha shangazi, akadhani nimepata mchumba.

Ijumaa Madamu Anitha alileta darasa lake lote, mistari miwili, yeye nyuma na mwavuli. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Singida, sauti imemkauka kwa kufundisha watoto wengi kuliko madawati, na alinisalimia kwa heshima akaniuliza kama kuna kiti. Watoto walipiga simu zao kwenye mzinga, wakakimbia miji yao, na mwishowe, maana kisanduku hakikuwepo tena, wakajipanga mlangoni kwa Bibi kama zamani. Wakapiga magoti. Dafroza alikuwa wa mwisho kabisa, macho chini. "Mwidiwe." Makofi. Kimya. Wakasalimia tena. Nikamwangalia Dafroza, Mwalimu akaniangalia mimi, na Madamu Anitha akaangalia saa yake. Watoto hawakuondoka magotini. Wangengoja mpaka jua lizame, nawajua. Sikuweza kuvumilia. Nilizunguka nyuma, nikajipenyeza kwenye lile tundu na sketi yangu ndefu, nikakaa nyuma ya magunia kwenye majani ya migomba yanayowasha, na nikaitikia mimi.

Nataka nieleweke. Mimi nimelelewa dukani. Tangu nina miaka saba nasimama mlangoni nawaita watu. Kwa hiyo sauti iliyotoka kwa Bibi wa Magunia siku ile ilikuwa: "Karibuni, karibuni sana, piteni ndani, msiogope, kuangalia ni bure!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Nikajaribu kuokoa jahazi kwa Kiha changu cha sokoni, nikapiga makofi kama nafukuza kuku. Wakacheka zaidi. "Bibi ameharibika," mmoja alisema. Nikasema tena karibuni, karibuni, piteni. Hapo ndipo nilipoisikia, kutoka mwisho wa foleni, ikikwaruza kwa kutotumika.

"Bibi hasemi hivyo."

Kicheko kilikatika. Mimi nyuma ya magunia sikuona kitu, nilisikia tu. "Hajauliza mama zao," sauti ilisema, na ilikuwa imekasirika, imekasirika kabisa, na Kirundi chake kimejaa humo bila kujificha. "Mtu haingizwi hajaulizwa mama yake." Laiti ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini mimi ni mimi. Nikauliza kutoka ndani, "Basi nianze vipi?" Naye akanielekeza mbele ya watu wote. "Kwanza itikia. Polepole. Hapana, wewe unakimbia. Piga makofi. Si hivyo, viganja viwe na shimo." Nikajaribu. "Bado." Nikajaribu tena. Sauti ilikuwa inasogea, inapita foleni yote ya watoto waliopiga magoti, na hakuna aliyemcheka, maana wote walikuwa wananicheka mimi. "Sasa uliza mama zao." Nikafungua mdomo kuuliza swali hilo na halikutoka. Nilikuwa na sababu zangu. Kichwa cha Dafroza kikatokea kwenye tundu la nyuma, uso umekunjamana kwa kuudhika. "Sogea," akaniambia. Nikasogea.

Kilichofuata kilichukua alasiri nzima. Tuliketi wawili nyuma ya magunia, bega kwa bega, na Bibi alimsalimia kila mtoto na kumuuliza yote anayopaswa kuulizwa. Wa mwisho mlangoni alikuwa Madamu Anitha. Nilimwona kwa pembeni ya kitenge cha Bibi, amepiga magoti na sketi yake ya kazi, mwavuli ameuweka chini. Akapiga makofi, si vizuri sana, yeye ni wa Singida. Bibi akamuuliza, "Na wewe, mama yako ameamkaje?" Madamu akaangalia mwavuli wake pale chini. Kisha akasema, "Sijui, Bibi. Sijampigia siku nyingi." Bibi akasema, "Basi leo muulize." Nilipotoka nje baadaye na majani ya migomba nywelani, Madamu alikuwa amesimama barabarani na simu mkononi. "Mimi nilitaka sentensi moja tu," aliniambia. Januari Dafroza aliingia darasa la tatu, na Mama Dafroza aliniletea mihogo ambayo shangazi alikula wiki mbili.

Mwaka uliofuata, watu walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi kutoka Burundi, ghala likahitajika kuhifadhia vyakula, na Mwalimu akalitoa bila kubishana. Mzinga ulirudi kwa mwenyewe. Bibi wa Magunia alimpeleka nyumbani kwake, mkewe akalalamika kwa wageni kwamba ameolewa ukewenza uzeeni. Mimi nikahamia Kibondo nikafungua duka, na watu husema wateja wangu hukawia mno mlangoni kwa sababu nawauliza habari za kwao kabla ya kuwauliza wanataka nini. Ni kweli. Ila kuna habari ambayo sikuwahi kumuuliza mtu, wala kuulizwa, maana nilijipanga kimaisha mahali pasipo na mtu wa kuniuliza.

Nilifika Kasulu siku ya maziko, nimechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta Mwalimu ameshatolewa nje chini ya turubai, na wanawake wako ndani kwenye mikeka. Nikavua viatu mlangoni, nikaanza kuingia kama niingiavyo popote, kifua mbele, "Poleni, poleni sana, poleni jamani." Kutoka pembeni mwa mlango, karibu na sanamu kuukuu la magunia lenye jicho moja kubwa, sauti ya kikongwe ikasema taratibu, "Mtu haingizwi hajaulizwa mama yake."

Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mnene kidogo, kitenge cha msiba kichwani, macho mekundu. Dafroza anasomea ualimu sasa. Hakucheka, wala mimi sikucheka. Nilipiga magoti pale kizingitini, mbele ya wanawake wote wa ule msiba, nikapiga makofi, viganja vina shimo. Akaitikia kama inavyopaswa. Akaniuliza nimeamkaje. Akaniuliza watoto wangu, akaniuliza mvua ya Kibondo. Kisha akaniuliza mama yangu ameamkaje.

Nilisema mwanzoni kwamba ya ukoo wangu nitayaacha. Mama yangu aliniacha kwa shangazi nikiwa na miaka sita akaenda kuolewa Ujiji, na tangu nilipopata akili sikumpigia simu hata mara moja, ingawa namba yake ninayo na Ujiji si ng'ambo ya dunia. "Sijui," nilimwambia Dafroza, na nikalia, nikamlilia Mwalimu, nikamlilia na mwingine ambaye hajafa. Dafroza akangoja nimalize, akasema, "Haya, pita."

Tulipokwisha kumzika nilikwenda nyuma ya nyumba, karibu na mafiga wanawake wanakoosha sufuria, nikapiga ile namba. Iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mtu mzima, isiyo na haraka, ikasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Nikamwambia ni Zuhura. Akanyamaza, nami sikumkimbiza. Nikamuuliza ameamkaje.